Uzembe, madhara na fidia: tunawajibika vipi kwa jirani mbele ya sheria?



Katika ziara zetu za parokia na vigango vya kandokando ya Ziwa Victoria tumekuwa tukikutana na swali moja linaloulizwa kwa namna nyingi. Mwenyekiti wa kamati anauliza: lori lililobeba kwaya likipinduka, atawajibika nani, dereva au parokia? Katibu wa kigango anauliza kama kibao cha "Hatuhusiki na ajali yoyote" kinatosha kuwalinda. Naye mfadhili wa mbali anaandika barua ya upole akitaka kujua kwa nini bajeti ya kuchimba kisima ina fungu la uzio na fungu la bima, wakati yeye alichangia maji.

Maswali haya yote yanaangukia katika tawi moja la sheria, yaani sheria ya madhara, na hasa sehemu yake inayohusu uzembe. Wengi wetu hatulijui kwa jina, ingawa tunaishi nalo kila siku. Ng'ombe wakiingia shambani kwa jirani wakala mtama, hapa Usukumani hakuna anayeuliza kwanza kama mchungaji alikusudia. Linaloulizwa ni nani alikuwa analinda, alikuwa wapi, na hasara ni kiasi gani. Sheria tunayoieleza hapa inauliza karibu maswali hayo hayo.

Tunaandika makala hii kwa sababu nyingine pia, ambayo hatuoni fahari kuieleza. Mradi wetu wenyewe umewahi kumuumiza mtu. Tutafika huko.

Jinai na madai ni vitu viwili

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Ajali kubwa inapotokea, mtu wa kwanza kufika ni polisi, na watu hudhani kwamba kesi ya polisi ndiyo kesi yenyewe. Sivyo. Katika jinai, Jamhuri humshitaki mtu ili aadhibiwe. Katika madai, aliyeumia au familia yake humdai aliyesababisha madhara ili alipe fidia. Mtu anaweza kuachiwa huru katika kesi ya jinai, ambako kosa linatakiwa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka ya maana, na bado akashindwa katika shauri la madai, ambako mahakama inaangalia tu upande upi una uzito zaidi wa ushahidi. Kesi ya jinai ikiisha, dai la fidia halifi nalo. Na mtu akifungwa, mjane hapati chakula kwa kifungo hicho.

Mkoa wetu wa Mwanza hauhitaji mfano wa kutoka mbali. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania, ilizama ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa haijafika bandari ya Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, na peke yake ilikuwa na majina 443. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, mengi yakisema zaidi ya watu 800. Maofisa tisa wa shirika walifunguliwa mashtaka ya jinai. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Makaburi ya Igoma tunayapita kila tunapokwenda Magu.

Tunaomba kamati zetu zilitazame jambo moja tu katika msiba ule: orodha. Katika shauri la madai, anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Familia ambayo ndugu yao alipanda daraja la tatu, na mwili wake haukupatikana, ingeanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwamo melini. Tangu tulipolitafakari hilo hatujaruhusu mtumbwi wala gari la mradi kuondoka bila majina kuandikwa na nakala kubaki ufukweni.

Tulidhani somo lile limeshaeleweka. Kisha, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Watu 228 walikufa, 41 waliokolewa. Ilikuwa siku ya gulio.

Jirani kwa macho ya sheria

Sheria ya uzembe tunayoitumia Tanzania haikutungwa na Bunge kifungu kwa kifungu. Ni sehemu ya sheria ya kawaida ya Uingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji, ambayo ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, bado inaitambua, kwa kadiri inavyofaa mazingira ya nchi yetu na isipopingana na sheria za Bunge. Hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama zetu, ila majaji wetu huzitumia kama mwongozo.

Hukumu inayotajwa kuliko zote ilianza na chupa ya soda. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mgahawa mmoja mjini Paisley, Uskochi, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, huwezi kuona ndani. Alikunywa, kisha rafiki yake alipommiminia iliyobaki, mama huyo alisema, ukatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Tatizo lilikuwa hili: yeye hakununua kitu, aliyenunua ni rafiki yake, hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, sembuse na mtengenezaji wa soda, bwana Stevenson. Je, mtengenezaji anawajibika kwa mtu asiyemfahamu na ambaye hajapokea hata senti yake?

Mwaka 1932 majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza waligawanyika, watatu kwa wawili, na watatu wakasema ndiyo. Mmoja wao, Lord Atkin, alijenga hoja yake juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba katika Injili ya Luka aliyemuuliza Yesu jirani ni nani alikuwa mwanasheria. Lord Atkin alisema kwamba amri ya kumpenda jirani, ikiingia katika sheria, inakuwa katazo: usimdhuru jirani yako. Kisha akauliza swali la yule mwanasheria, na akajibu kwa kifupi hivi: jirani ni yule anayeguswa kwa karibu na tendo langu, kiasi kwamba ninapaswa kumfikiria ninapotenda au ninapoacha kutenda.

Jibu hilo ni jembamba kuliko lile la Injili, na ni haki tuseme hivyo. Msamaria alimwokoa mtu ambaye yeye hakumjeruhi. Sheria ya uzembe kwa kawaida haimlazimishi mpita njia kumwokoa mgeni. Inamlazimisha tu asiwe yeye aliyemwangusha. Kuhani na Mlawi wangeshinda kesi katika mahakama nyingi. Kwa hiyo, kamati ikitimiza sheria isijidhanie imetimiza Injili. Lakini kamati isiyotimiza hata sheria imeshuka chini ya kiwango cha yule kuhani.

Maswali matatu

Kutokana na hukumu hiyo na nyingine nyingi, mahakama huuliza maswali matatu. Je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari kwa ajili ya mdai? Je, aliuvunja wajibu huo kwa kutofanya ambalo mtu wa kawaida mwenye busara angelifanya? Je, kuuvunja huko ndiko kulikosababisha madhara, na madhara yenyewe ni ya aina ambayo yangeweza kutazamiwa? Mdai akikosa jibu la "ndiyo" hata kwa swali moja, shauri linaanguka.

Nasi tuyajibu kwa habari yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja ng'ambo ya Sengerema, tulikuwa tunajenga vyoo vya shule ya awali. Shimo lilikuwa limechimbwa, kina cha futi kumi na mbili. Ijumaa jioni fundi alifunga kazi akaweka matawi mawili ya miiba juu yake, akaenda kwao. Jumapili alfajiri, kukiwa bado giza, bibi mmoja wa kigango alikatiza uwanjani akielekea kanisani, kama alivyofanya kwa miaka mingi. Alivunjika nyonga.

Kikao kiliitwa siku ya pili, nasi tulikuwepo. Mjumbe mmoja alisema shimo ni la fundi. Mwingine alisema bibi alipita njia isiyo rasmi. Wa tatu, mzee anayeheshimika, alisema ajali ni mpango wa Mungu, tuombe. Sisi wa ofisini, ambao tulipaswa kujua zaidi, tulisema bajeti haina fungu la matibabu. Hilo ndilo lililokuwa jibu baya kuliko yote.

Swali la kwanza: wajibu. Aliye na mamlaka juu ya kiwanja ana wajibu kwa watu anaojua au anapaswa kujua kwamba wanapita hapo. Kila mtu kigangoni alijua njia ile. Kuiita "isiyo rasmi" kulikuwa ni kucheza na maneno.

Swali la pili: kuvunja wajibu. Sheria haidai ukamilifu. Mahakama hupima ukubwa wa hatari, uwezekano wa kutokea kwake, na gharama ya kuizuia. Shimo la futi kumi na mbili kwenye njia ya watu usiku ni hatari kubwa. Mabati mawili na mbao nne za kulifunikia zilikuwa stoo, hatua hamsini kutoka hapo. Hatari ikiwa kubwa na kinga yake ikiwa rahisi hivyo, hakuna hakimu atakayesikiliza utetezi mrefu. Kwa mtu mwenye ujuzi maalumu kipimo hupanda: muuguzi wa zahanati ya parokia hapimwi kwa mtu wa kawaida, bali kwa muuguzi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Swali la tatu halikuwa na ubishi. Alianguka shimoni, akavunjika. Lakini katika mashauri mengine hapa ndipo penye ugumu. Mtoto akiharisha wiki moja baada ya kunywa maji ya kisima chetu, lazima pawepo ushahidi kwamba ni maji hayo, si mengine. Kufuatana kwa matukio peke yake si ushahidi kwamba moja lilileta jingine.

Fundi, dereva na kamati

Na yule aliyesema shimo ni la fundi? Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, nasi tunapaswa kuijibu kwa uangalifu, kwa kuwa ndiyo inayorudi mara nyingi zaidi katika barua zenu.

Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mtumishi wake uliofanywa katika kazi yake, hata kama mwajiri mwenyewe hakukosea lolote. Dereva wa parokia akimgonga mtu akiwa safarini kupeleka saruji, parokia inawajibika pamoja naye. Neno "pamoja" lina uzito: dereva hasamehewi, na mjumbe wa kamati aliyetoa amri ya hatari naye anaweza kudaiwa binafsi. Dereva akichukua gari bila ruhusa usiku kwenda kwenye shughuli zake, hali inabadilika, ingawa hata hapo mahakama itauliza funguo zilikuwa zinatunzwa na nani. Kwa mtu anayejitolea, msifikiri kwamba kwa kuwa halipwi mshahara basi parokia imepona. Ikiwa anaendesha kwa ombi lenu na kwa shughuli yenu, mahakama inaweza kumwona kuwa anatenda kwa niaba yenu.

Fundi wa mkataba ni tofauti. Kwa kawaida aliyempa kazi hawajibiki kwa uzembe wake, kwa sababu fundi huyo anajitawala katika namna ya kufanya kazi. Lakini kinga hii ina matundu: kama mlichagua fundi mnayejua hana uwezo, kama mliendelea kusimamia na kuelekeza kazi, au kama hatari iko kwenye kiwanja chenu na mliiona mkanyamaza. Sisi tuliliona shimo lile Ijumaa. Tulipiga hata picha ya kumtumia mfadhili.

Kuna swali dogo la kisheria ambalo kamati nyingi hulisahau. Parokia au kigango kisichosajiliwa chenyewe si mtu mbele ya sheria. Mali na mashauri huwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Hii ina maana kwamba uzembe wa kigango kimoja kisiwani unaweza kuwagusa wadhamini walio mjini ambao hawajawahi hata kusikia jina la kigango hicho. Ndiyo sababu wadhamini wanapoomba taarifa za ajali wasionekane wasumbufu.

Malambo

Tunapenda kuligusa hili kwa ajili ya parokia za Kwimba, Magu na Misungwi zinazochimba malambo. Kuna aina ya madhara ambayo mwenye mali hulipa hata kama hakuzembea. Chanzo chake ni shauri la Rylands na Fletcher, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1868, hivyo limo katika sheria tuliyoipokea. Mwenye kinu alijenga bwawa juu ya ardhi iliyokuwa na mashimo ya kale ya machimbo. Maji yakapenya yakafurika mgodi wa jirani. Yeye mwenyewe hakuwa na kosa, maana aliajiri wataalamu. Aliambiwa alipe. Kanuni ni kwamba anayeleta na kulimbikiza katika ardhi yake kitu kitakacholeta madhara kikitoroka, kwa matumizi yasiyo ya kawaida ya ardhi hiyo, anakishikilia kwa hatari yake mwenyewe.

Je, lambo la kunyweshea mifugo ni matumizi yasiyo ya kawaida katika nchi kavu ya Usukuma? Wakili mzuri angeweza kubishana kwa siku nzima, na sisi tusingependa kuwa mfano wake. Tuta likipasuka Aprili na kusomba mashamba ya watu wa chini, mtaambiwa pia kwamba tuta halikukaguliwa. Kagueni tuta kabla ya mvua za vuli na tena kabla ya masika, na mwandike tarehe na jina la aliyekagua.

"Ni bahati mbaya"

Zipo ajali ambazo kweli hazina mwenye kosa, na sheria inakubali. Dhoruba isiyotazamiwa ni utetezi. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ikiwa imeshatangaza upepo mkali ziwani, na mtumbwi wa mradi ukaondoka mwaloni hata hivyo kwa sababu mgeni ana ndege ya kuwahi Mwanza, hatuwezi tena kusema bahati mbaya. Tuseme ukweli, wageni wa mradi, wakiwemo wafadhili wetu wapenzi, wamekuwa chanzo cha safari nyingi za namna hii. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa baadhi ya vishawishi, lakini Ukerewe, Ukara na Kome bado ni kwa maji.

Utetezi mwingine ni kwamba aliyeumia naye alichangia. Zamani mchango wowote wa mdai ulimnyima kila kitu. Sasa, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, mahakama hupunguza fidia kwa kadiri ya sehemu yake ya kosa. Aliyepanda bodaboda kwa mtindo wa mshikaki bila kofia anaweza kupata fidia pungufu, lakini hapotezi haki yote. Mtoto mdogo hapimwi kwa akili ya mtu mzima. Ikiwa kisima kinavutia watoto, ni kazi ya mwenye kisima kufikiria hivyo kabla yao.

Na kile kibao cha "Hatuhusiki"? Kinasaidia kama onyo, kwa sababu aliyeonywa vizuri anaweza kujikinga. Kama kinga ya kisheria dhidi ya uzembe wenu wenyewe, msikitegemee. Asiyejua kusoma hajaonywa, na aliyepita gizani hajakisoma.

Fidia hudaiwaje?

Fidia ni ya kumrudisha aliyeumia, kwa kadiri fedha inavyoweza, mahali alipokuwa kabla ya madhara. Gharama za matibabu, nauli na kipato kilichopotea ni hasara maalumu: kila shilingi lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe. Maumivu, ulemavu na kupotewa na furaha ya maisha ni hasara ya jumla, na hiyo mahakama hukadiria yenyewe. Kwa sababu hiyo tunawasihi wanajumuiya wanaomhudumia majeruhi: tunzeni risiti, hata ya bajaji, chukueni fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, andikeni majina ya mashahidi siku hiyo hiyo.

Aliyekufa hawezi kudai, lakini wategemezi wake, yaani mwenzi, wazazi na watoto, wanaweza kwa Sheria hiyo ya Sura ya 310. Mara nyingi kikwazo ni mirathi: lazima apatikane msimamizi, kuanzia kikao cha ukoo na muhtasari wake hadi Mahakama ya Mwanzo. Tumeona wajane wakipoteza mwaka mzima kwa sababu ndugu wa marehemu hawataki kukaa kikao. Hapo viongozi wa jumuiya wanaweza kusaidia kuliko wakili yeyote.

Muda ni adui mkubwa. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara hufunguliwa ndani ya miaka mitatu; kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa atakapofikia utu uzima. Ikiwa mdaiwa ni Serikali, kwa mfano kivuko cha umma au gari la halmashauri, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, kisha shauri lipelekwe Mahakama Kuu, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe hata anaposhitakiwa wakala, shirika la umma au serikali ya mtaa. Kumsahau kunaharibu shauri zima. Wasio na uwezo waulizie watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya mwaka 2017. Jambo jema ni kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo mama wa Ukara anaweza kuifuata kesi yake mwenyewe.

Mfanyakazi aliyeumia kazini ana njia nyepesi zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa bila kuuliza nani alizembea, mradi ajali imetokana na kazi. Waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa kujisajili na kuchangia, na hatujui sababu yoyote ya mwalimu wa chekechea au mlinzi wa parokia kuachwa nje.

Msamaha na hati

Turudi kwa bibi yetu. Wiki mbili baada ya ajali, wajumbe wawili walikwenda nyumbani kwake na kilo kumi za mchele, sukari, na karatasi iliyoandikwa kwamba familia imesamehe na haitadai lolote. Aliweka dole gumba. Tulipoiona karatasi ile tuliona aibu. Sheria inaruhusu watu kumaliza dai kwa makubaliano, na makubaliano ya haki ni bora kuliko miaka ya mahakama. Lakini makubaliano ambayo upande mmoja hakuelezwa haki yake, hakusomewa maandishi, wala hakuwa na mtu wa kumshauri, yanaweza kutenguliwa. Hata yasipotenguliwa, tulikuwa tumeuchukua msamaha wa mwanamke maskini na kuutumia kama risiti.

Tuliirudisha. Mjukuu wake, ambaye ni mwalimu, alikaa nasi pamoja na mzee wa baraza la kata na msaidizi wa kisheria. Tulikubaliana kulipa matibabu yote, msaidizi wa nyumbani kwa miezi minane, na kiasi cha fedha kwa maumivu. Jumla ilizidi shilingi milioni tatu, na kwa kuwa hatukuwa na bima ya dhima kwa watu wengine, zilitoka katika akiba ya uendeshaji. Mradi mmoja wa miche ya matunda ulisimama mwaka huo. Wafadhili walioulizia miche hiyo sasa wana jibu.

Tunajua baadhi ya wasomaji wataona hatari katika kuandika haya waziwazi, kwamba tunawafundisha watu kutudai. Tumeshaambiwa hivyo kikaoni. Tunaamini aliyeumizwa na mradi uliokuja kwa jina la kumsaidia ana haki ya kujua zaidi, si pungufu.

Tangu wakati huo kila mkataba wa fundi una kipengele cha kufunika mashimo na kuzungushia uzio kila jioni, na malipo ya mwisho hayatoki bila msimamizi kusaini. Kila bajeti ya ujenzi ina fungu la usalama na bima. Tunawaomba wafadhili wasilifute wanapopunguza. Mitumbwi ya miradi ina jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na asiyelivaa anashuka, awe katekista au mgeni kutoka Ulaya. Bibi anatembea kwa fimbo. Hapiti tena uwanjani. Anazunguka kwa barabara.

Fomu ya kuripoti ajali, ya ukurasa mmoja, ipo tayari ofisini kwetu Mwanza. Tunaomba kila kamati ituma mjumbe aichukue kabla ya kikao cha robo mwaka ijayo, na ajali zozote zilizotokea tangu Januari ziandikwe humo, hata zile ambazo hakuna aliyedai.